MJADALA: Kwenye bili ya maji ya Dar, watu wa milima ya Uluguru wapate fungu lao?

Mleta mada (Goba)

Wakuu, kila maji yakikatika Dar tunarudi kwenye ugomvi uleule. Huyu anasema shirika la umma halifai, aletwe mwekezaji. Yule mwanaharakati anajibu maji si bidhaa. Nimeuchoka, na leo nataka tuuanzie kwingine. Ila tukumbushane kidogo, maana humu wamo ambao 2005 walikuwa bado wananyonya.

Mwekezaji tulishamleta. Agosti 2003 City Water, iliyokuwa chini ya ubia wa Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani na mbia wa hapa nyumbani, ilikabidhiwa maji ya jiji kwa miaka 10, mitambo ikibaki mali ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar. Makusanyo hayakufika yalikotarajiwa. Mei 2005, haijatimiza hata miaka miwili, serikali ikatangaza kuuvunja mkataba. Waziri wa maji alikuwa Edward Lowassa. Biwater Gauff ikatufungulia shauri ICSID, kituo cha kimataifa cha kusuluhisha migogoro ya wawekezaji na serikali. Julai 2008 wasuluhishi wakasema Tanzania ilikosea kwa namna ilivyowatimua, lakini hailipi hata senti, kwa kuwa kampuni yenyewe ilikuwa haina thamani tena.

Wengi tunaishia hapo kwenye stori. Kuna watu tunawasahau: mashirika ya hapa nyumbani LEAT (wanasheria wa mazingira), LHRC (haki za binadamu) na TGNP (jinsia), pamoja na mashirika mawili ya nje, wanasheria na watafiti, waliobisha hodi kwenye kesi ile ili mtumiaji wa maji naye asikike. Mwaka 2007 waliruhusiwa kupeleka maoni kwa maandishi. Nyaraka za kesi hawakupewa, na kwenye usikilizwaji hawakuruhusiwa kuingia. Waliandika kuhusu mkataba wa maji yetu bila kuona majalada, na bado baraza lilikiri kwamba maoni yao yalilifaa.

Heshima yao. Swali langu ni kwamba nguvu ile siku hizi iko wapi? Ukame wa mwishoni mwa 2022 ulipoushusha mto Ruvu, unaonywesha Dar, hakukuwa na mwekezaji wa kumlaumu. Mtambo wa Ruvu Chini umejengwa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku, Ruvu Juu milioni 196, lakini mtambo hauzalishi maji, unayasafisha tu. Mtaani kwetu nilimwona jirani anamwogesha mtoto ndani ya beseni, maji yaleyale akapigia deki, yaliyobaki akamwaga chooni. Dumu moja, kazi tatu.

Ruvu inatoka milima ya Uluguru, Morogoro. Miaka ya 2000 kuelekea mwisho, mashirika ya CARE na WWF yalifanya jaribio Kibungo Juu, huko Uluguru: wakulima wa milimani wachimbe matuta, wapande miti, udongo usishuke mtoni, na wanywaji wa chini wawalipe. DAWASCO, shirika la umma lililopokea maji ya Dar baada ya City Water, lilikuwa miongoni mwa walipaji. Mradi ukaisha, kama miradi inavyoisha. Napendekeza utaratibu ule urudi, safari hii uwe mstari wake kabisa kwenye bili: *Hifadhi ya chanzo, shilingi kadhaa*. Karibuni mnishambulie.

Mchangiaji wa Tabata

Mkuu, nakushambulia kama ulivyoomba. Mfuko wa Maji ulianza kwa tozo ya shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Hiyo nimelipa, hata kwenye nauli ya daladala imo. Juu yake mamlaka ya maji inalipa ada ya matumizi kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu pale Morogoro, na hiyo ada haitoki mbinguni, inatoka kwenye bili yangu. Sasa unataka nilipe mara ya tatu, kumlipa mtu asivunje sheria? Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za mto. Isimamiwe, basi. Mimi kwangu bomba linatoa upepo, na mita inausoma.

Mluguru wa Mgeta

Mita 60! Kaka, umewahi kufika Uluguru au unaiona ukipita stendi ya Msamvu, Morogoro, na basi? Kule vijito viko kila bonde. Ukitoa mita 60 kushoto na 60 kulia, hapabaki pa kuweka hata jiko.

Na hayo matuta mnayoyataja kirahisi niwaeleze. Mama yangu amechimba. Unaukata mteremko kwa jembe la mkono kama unakata ngazi. Udongo mweusi wa juu unaufukia, udongo mwekundu wa chini unatokeza. Mwaka wa kwanza mahindi yanatoka manjano, mafupi, unajuta. Bila samadi hupati kitu, na samadi inapandishwa mlimani kwa kichwa. Wewe Tabata unanufaika na maji meupe mwaka huohuo, mama anakula hasara kwanza. Halafu jambo ambalo wataalamu walichelewa kulielewa: kwetu ardhi ni ya ukoo, tena upande wa mama. Aliyeazima shamba hachimbi tuta la kudumu, atanyang'anywa likishanoga. Sasa hilo fungu la bili utampa nani, anayelima au mwenye ukoo?

Mchangiaji wa Mbagala

Likifika Morogoro litakuwa limeshageuka semina. Soda, posho, fulana.

Mhandisi wa maji (mstaafu)

Wadau, nisahihishe mambo mawili. La kwanza, "pandeni miti" si dawa ya kila kitu. Ukipanda mikaratusi kwenye chanzo umeweka pampu nyingine, inakunywa kiangazi chote. Msitu wa asili, ule uliomo ndani ya hifadhi ya Uluguru, ndio unaokamata ukungu na kuachia maji kidogokidogo.

La pili, bwawa la Kidunda kwenye mto Ruvu. Litahifadhi lita bilioni 190, na wengi wenu mnalisubiri kama mwisho wa mgawo. Mimi pia nalisubiri, nimelisikia tangu nikiwa kijana kazini. Lakini bwawa lolote adui yake ni tope. Udongo usiozuiwa kwenye mito ya Mgeta na Mvuha, inayoingia Ruvu, utakuja kulala Kidunda, na kulichota tope ni ghali kuliko kulizuia. Kwa hiyo naunga mkono malipo, ila nataka yatokane na vipimo: pima tope kwenye kijito mwaka hadi mwaka, kijiji kilipwe kadiri linavyopungua. Hapo semina haina pa kujificha. Na ndugu wa Tabata ana haki kwenye jambo moja, bomba lililopasuka mtaani wiki tatu linamkatisha mtu tamaa ya kulipia mlima.

Mleta mada

Nimekubali kurekebishwa. Mstari mpya kwenye bili kabla ya kuonyesha ile ada ya bonde inakwenda wapi ni kosa langu. Basi nageuza ombi: kwanza tudai hesabu ya ada iliyopo, na sehemu yake ilipe matuta kwa vipimo anavyosema mzee wetu mhandisi. Na pa kudaia papo. EWURA, mdhibiti wa bei za nishati na maji, kabla ya kupitisha bei mpya huitisha mkutano wa taftishi, yaani wa kusikiliza maoni, wa wazi, mtu yeyote anaingia. Mara ya mwisho kuhudhuria, viti vya nyuma vilikuwa vitupu. Wale waliowahi kuandikia ICSID bila kuona jalada, hapa jalada la maombi ya bei linawekwa wazi. Walisome, waje na maswali ya mto, wasije na "maji ni uhai" peke yake.

Dada wa Mgeta, nikuulize: mama akiulizwa yeye, angetaka kulipwa vipi?

Mluguru wa Mgeta

Nimempigia sasa hivi. Kacheka kwanza. Anasema hela watamaliza wanaume. Yeye aletewe samadi mpaka juu, kabla ya mvua za vuli, na matuta anayo tayari mawili yamebomoka, ataanza na hayo.

Mchangiaji wa Tabata

Gunia la samadi mpaka juu ni bei gani?