Naomba ushauri: maoni kwa Bunge kuhusu kuunganisha vyuo vikuu

Hamjambo wenzangu. Wazazi wa kwetu wamenituma niandike maoni kwa Bunge la Taifa kuhusu bajeti ya vyuo vikuu, nami nimekwama. Ibara ya 221 ya Katiba ya Kenya inaitaka kamati ya Bunge isikilize wananchi inapojadili makadirio ya bajeti, kwa hiyo mlango upo. Shida ni hoja.

Tangu marehemu Profesa Magoha, wakati huo Waziri wa Elimu, apendekeze mwaka 2019 vyuo vya umma viunganishwe, wazo hilo hufufuka kila Hazina inapobanwa. Kwenye karatasi linavutia: naibu chansela (msimamizi mkuu wa chuo) mmoja badala ya wawili. Lakini madeni, yakiwemo makato ya pensheni yasiyowasilishwa, hayafi kwa kuunganishwa. Yanahamia kwa atakayebaki. Na mbunge gani atakubali chuo kiondoke kwake, ilhali wenye ploti za kupangisha wanafunzi ndio wapiga kura wake? (Vyuo vingi vilipewa hati ya kuwa vyuo vikuu kamili mwanzoni mwa 2013, Rais Kibaki akikaribia kuondoka. Siasa hii si ya jana.)

Je, tupinge moja kwa moja, au tudai kwanza ukaguzi wa madeni? Na waraka uwe na kurasa ngapi ili usomwe? Aliyewahi kuwasilisha anisaidie, hata kwa mfano tu.