Chuo cha Wazungu bure, au Howard kwa mkopo?

MLETA MADA: Wakuu, salaam. Nipo Marekani mwaka wa kumi na nne. Binti yangu kapata nafasi mbili: chuo kidogo cha Wazungu kinachomlipia kila kitu, na Howard, chuo cha weusi kule Washington, ambako itabidi tukope. Mama yake anasema cha bure hakikataliwi. Mimi nasita. Tulipokwenda kukiona hicho cha Wazungu, mlinzi wa maktaba akamsimamisha: "Unamtafuta nani?" Wageni wa Kizungu tuliokuwa nao msafara mmoja wakapita tu. Binti akacheka. Mimi sikucheka.

MCHANGIAJI 1: Kaka, chukua ufadhili. Deni la chuo huku halina cha mjomba. Mimi nilikuwa mweusi peke yangu darasani. Kwenye kemia wakigawana makundi, nabaki mimi na meza. Nikamaliza. Kubaguliwa utabaguliwa hata dukani, basi heri iwe huna deni.

MCHANGIAJI 2: Wewe ulivumilia, haina maana na mwanawe avumilie. Halafu upweke wenyewe unazidi. Juni 2023 Mahakama ya Juu ilivizuia vyuo kuangalia rangi katika kudahili. Mwaka uliofuata, weusi walioingia chuo cha MIT wakawa asilimia 5, wakati miaka ya karibuni walikuwa kama 13. Chuo cha Amherst wakashuka kutoka 11 hadi 3. Watatu kwa mia! Na mmoja wao lazima awe msemaji wa Afrika nzima kila ikitajwa njaa.

MCHANGIAJI 1: Howard nayo si peponi. Mwaka 2021 wanafunzi walilala kwenye jengo la chuo zaidi ya mwezi wakilalamikia ukungu mabwenini.

MCHANGIAJI 3: Ila ukungu unapigwa dawa, mkuu. Chuo Kikuu cha Missouri mwaka 2015 weusi walilalamikia matusi ya kibaguzi, mmoja akagoma kula. Kimya. Wachezaji weusi wa timu ya chuo waliposusa mpira wa Kimarekani, siku mbili baadaye rais wa chuo akajiuzulu. Sasa binti yetu anacheza mpira gani?

MLETA MADA: Nimewasoma wote. Mwenyewe kauliza kitu kimoja tu, msusi yuko wapi. Nimetazama ramani: kutoka hicho chuo cha bure ni mabasi mawili, saa moja na dakika arobaini, na Jumapili hayapiti.