Naombeni ushauri wa mziki wa sebuleni, bimkubwa hasikii maneno ya tamthilia

Kijana wa Njiro
Wakuu habari za jioni, na wakubwa wote shikamooni. Nipo Arusha huku Njiro, nimehamia kwenye nyumba ambayo bado naimalizia na sebule ndo imebaki jipsamu na rangi, fundi kasema Jumatatu anafunga dari kwa hiyo kama kuna waya wa kupitisha juu ni wiki hii tu. Bimkubwa nimemchukua Rombo nikae nae, ana miaka 71, masikio hayajafa ila yamepungua, na kitu anachokipenda ni tamthilia za Kituruki zilizotafsiriwa Kiswahili na filamu za jioni. Shida ni kwamba TV ikiongea yeye anasikia ngoma na vinanda vya nyuma ila maneno hayashiki, kila saa "wamesemaje hao?", nikiongeza sauti mlango ukifungwa kwenye filamu nyumba nzima inaruka na mtoto anaamka. Inaniuma kumuona anakaa pale anaangalia midomo tu.

Sebule ni mita 5 kwa 4, chini marumaru, dirisha moja kubwa la aluminiamu, TV inchi 55 ina HDMI ARC (tundu la kupeleka sauti ya TV kwenye mashine). Bajeti milioni 2, nikijikaza 2 na nusu. Nimeonyeshwa vitu vitatu: saundiba (spika moja ndefu ya kukaa chini ya TV) yenye subwufa (spika ya besi) yake, home theater ya boksi imeandikwa wati 1000 yenye spika tano, na risiva ya mtumba (mashine ya kusukuma spika) ambayo spika unanunua mwenyewe. Muuzaji ananisukuma kwenye ya wati 1000. Mnaojua hizi vitu naombeni msaada, nisije nikanunua kelele badala ya maneno.

Mangi wa Rau
Pole na hongera kaka, kumuweka mama karibu ni baraka. Mi nipo Moshi, niongelee hiyo risiva ya mtumba kwa sababu nimeungua nayo. Shemeji yangu aliniletea moja toka Marekani, nzito, nzuri, spika kaniletea na zenyewe. Nikabadilisha kichwa cha plagi nikachomeka ukutani kama redio. Ikawaka sekunde mbili hivi, alafu nikasikia kama chumvi imeangukia mafuta ya moto, moshi ukatoka kwenye vitundu vya juu, harufu ya waya ilikaa kwenye mapazia wiki nzima. Fundi alivyofungua transfoma ya ndani ilikuwa nyeusi.

Kumbe nyuma iliandikwa AC 120V 60Hz na sisi huku ni 230V. Sikusoma. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi geuza mashine nyuma, usome hapo waya wa umeme unapoingia, iwe 230V au 220-240V. Ukikuta 120V na umeipenda sana basi ujue unanunua na transfoma ya kushusha umeme, na iwe na wati nyingi kuzidi zile risiva inazokula, sio kile kidude cha kuchajia simu. Subwufa nayo ina umeme wake, igeuze pia uisome.

Mzee wa Waya
Kijana wa Njiro, umeuliza kwa wakati, maana dari ikishafungwa unaanza kubandika waya kwenye kona za ukuta na haipendezi. Nafunga hivi vitu, nipo Sakina, acha nikuambie kwa urefu kidogo.

Mama yako hana shida ya sauti ndogo, ana shida ya sauti iliyochanganyikana. Spika za TV ni ndogo na zinaangalia chini au nyuma, sauti inapiga ukuta ndo inarudi kwenu, na kwenye filamu ya chaneli 5.1 (sauti ya spika tano na subwufa moja) maneno ya watu karibu yote yamewekwa kwenye spika ya katikati, ile tunaita senta. TV haina senta, inasaga vyote inavipitisha pamoja kwenye vispika viwili. Ndo maana kitu cha kwanza kwenye bajeti yako ni senta, subwufa inaweza kusubiri hata mwaka. Ukiwa na senta ya kweli unaingia kwenye setingi unaipandisha yenyewe desibeli 2 au 3, maneno yanakuja mbele na vinanda vinabaki pale pale, mtoto haamki.

Hiyo ya wati 1000 usiikimbilie. Igeuze nyuma usome inakula umeme wati ngapi. Mara nyingi utakuta imeandikwa mia na kitu, sasa mashine inayokula mia na kitu itatoaje elfu muda wote? Namba ya boksi ni ya kilele cha sekunde kidogo na sauti ikiwa imeshaanza kupasuka, namba ya kuangalia ni RMS, yaani wati inazotoa muda wote. Kingine nyingi ya hizo za boksi spika zake ni za ohm (kipimo cha ukinzani wa spika) 3 au 4 na plagi zake za peke yake, mashine ikifa spika huwezi kuhamishia kwenye risiva ya kawaida inayotaka ohm 6 kwenda juu. Unaanza upya kabisa.

Mimi ningekuwa wewe ningechukua risiva ya chaneli 5.1 yenye HDMI ARC, iwe Yamaha, Denon, Sony au Onkyo zote ni kampuni za kazi, alafu spika tatu tu za mbele, kushoto kulia na senta, za familia moja ili sauti ya mtu akitembea kwenye filamu isibadilike njiani. Za nyuma na subwufa utaongeza Mungu akijalia. Ila WAYA PITISHA ZOTE LEO. Spika za nyuma ziwe ubavuni mwa kochi zikirudi kidogo nyuma ya masikio na juu ya kichwa cha mtu aliyekaa, ndo hapo utoe waya. Waya wa core mbili (nyaya mbili ndani) wa 1.5mm unatosha kwa chumba chako, ikizidi mita kumi na tano weka 2.5. Ya HDMI tumia bomba la 32mm maana kichwa chake kipana, kwenye bomba la 20 hakipiti, na uache uzi wa kuvutia ndani. Usipitishe pamoja na waya za umeme, utasikia mnguruuumo usioisha.

Alafu nenda katikati ya sebule sasa hivi upige kofi moja la nguvu, unambie umesikia nini.

Kijana wa Njiro
Mzee wa Waya nashukuru sana, nimesoma mara mbili. Nimepiga kofi, sauti imerudi kama niko kwenye tangi la maji, triiiing. Mama katoka chumbani kuuliza kuna nini.

Mzee wa Waya
Hiyo triiing ndo inayokula maneno. Neno la kwanza halijaisha kwenye ukuta la pili limeshafika. Marumaru, kioo na saruji tupu hata uweke spika ya milioni kumi itasumbua. Weka zulia nene kati ya kochi na TV, pazia zito lifunike hilo dirisha lote hadi chini, kama una kabati la vitabu liweke ukuta wa nyuma. Toa laki mbili kwenye spika upeleke huko, nakuambia kwa moyo mmoja hutajuta.

Mama Glory wa Kijenge
Mdogo wangu nimeguswa maana na mimi nilipitia haya na baba yangu mzazi. Mimi sebule yangu ndogo na waya siziwezi, nikachukua saundiba lakini nikachagua iliyoandikwa 3.1, sio 2.1. Hiyo 3 maana yake ina senta ndani, 2.1 haina. Ina na kibonyezo cha kuongeza maneno kwenye rimoti, baba alikijua siku ya kwanza. Kwa hiyo kama risiva inakushinda bei usikate tamaa, hiyo njia ipo na umeme unakula kidogo.

Nikuongezee kwenye umeme, weka kile kikata umeme cha friji kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha, umeme unapokatika kurudi kwake ndo kunaua. Na masika ikianza ukisikia radi inatoka Meru chomoa vyote pamoja na kebo ya dishi. Watu wanachomoa soketi wanasahau dishi, radi inaingia kupitia king'amuzi, inapita HDMI, inamaliza risiva na TV kwa mpigo.

Kijana wa Njiro
Wiki ya tatu sasa, narudi na majibu. Nimepata risiva ya mtumba 230V, niliigeuza nikapiga picha kabisa nyuma kabla ya kulipa, Mangi ubarikiwe. Spika tatu za mbele, zulia, pazia. Waya za nyuma zimo darini nimeacha mita moja inaning'inia kila upande. Kofi sasa hivi linakufa pale pale. Filamu za intaneti ni raha, ila jana mama kawasha tamthilia yake kwenye king'amuzi na senta iko KIMYA kabisa, maneno yanatoka kushoto na kulia. Nimebadilisha waya hola. Imekufa?

Mzee wa Waya
Haijafa mkuu. Chaneli hiyo inarusha sauti ya stirio, chaneli mbili tu, na risiva yako umeiacha kwenye Stereo au Direct kwa hiyo inatii, inatoa mbili. Chukua rimoti ya risiva, tamthilia ikiwa hewani, bonyeza kibonyezo cha kubadilisha aina ya sauti mpaka iandike Dolby Surround, kama ni ya zamani itaandika Pro Logic. Hapo mashine inachukua kile kilicho sawa kushoto na kulia, ambacho ndo maneno, inakipeleka senta. Na kwenye TV hakikisha sauti inayotoka umeweka Bitstream au Auto, ukiacha PCM hata filamu ya 5.1 itafika kwenye risiva ikiwa mbili. Senta yenyewe isukume hadi ukingo wa meza, isizame ndani ya kabati, na uiinue pua kidogo ielekee masikio ya mama pale anapokaa.

Kijana wa Njiro
Iliandika Pro Logic. Nimeweka kipande cha mbao chini ya senta ikainuka pua. Mama kakaa sehemu yake, dakika kama kumi hajaniuliza kitu, mi nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni namuangalia. Alafu akasema peke yake, "kumbe huyu dada kwao ni Izmir, siku zote nilijua anasema mizigo."

Sauti ya risiva ipo 38, mtoto kalala.