Huyu daktari wa mifugo wa huku kwetu kanijibu "dada, huyu ni mbwa tu"!!

Wakuu mimi leo nina hasira mpaka simu inanicheza mkononi. Wa huku Dar, Goba, Madale, Wazo mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule mwenye pikipiki na koti jeupe ambalo tangu linunuliwe halijawahi kuonana na sabuni. Huyo huyo.

Mbwa wangu ana miezi minne, alijichana begani na bati, kidonda kikaanza kutoa usaha, nikampigia kama wote mnavyompigia. Kaja anatokea kwa mtu wa ng'ombe, mavi bado yako kwenye buti. Hajamshika mbwa, hajampima joto, hajauliza anakula au hali, kafungua begi katoa OTC (oksitetrasaiklini, antibayotiki ya jamii ya tetrasaiklini) ya asilimia 20, ile ya njano, kichupa nimekisoma kwa macho yangu kina picha ya ng'ombe, kondoo na nguruwe, mbwa hayupo. Bomba katoa mfuko wa shati, halina hata kifuniko, sindano nene ile ambayo hata tembo angeomba msamaha. Nikamuuliza kwa adabu kabisa, dokta, humpimi kwanza uzito? Akanikagua kuanzia miguuni mpaka kichwani, akacheka, akasema "dada, huyu ni mbwa tu".

Mbwa tu!

Akamchoma nyuma ya paja, cc 5 zote, mtoto wa watu akapiga ukelele majirani wakafungua mageti, nina hakika Bagamoyo walisikia. Namuuliza mbona nyingi hivyo, ananijibu "ng'ombe nampiga 30 na hafi". Sasa mimi nafuga ng'ombe?? Hivi ninavyoandika paja limevimba limekuwa gumu na mguu anauburuta, hataki hata kuguswa. Na elfu 20 yangu kachukua, anaihesabu huku ananiambia nisimdekeze. Mtu umesomea wanyama, unakula kwa wanyama, mnyama analia mbele yako unasema ni mbwa tu! Kama ni mbwa tu elfu 20 ya nini??

MBWA TU jamani.

kisu_butu: Pole mkuu ila tuseme ukweli, ni mbwa. Ulitaka amwite mheshimiwa?

MamaPaka: Kisu ondoka hapa. Mimi huyo jamaa namjua, paka wangu alikuwa na mafua tu, kilo tatu, akamdunga enrofloksasini, antibayotiki, asilimia 10 ya ng'ombe, cc 1 nzima. Kesho yake mboni zimetanuka kama sarafu, anagonga makabati. Haoni mpaka leo. Nilipompeleka hospitali ndo naambiwa paka hiyo dawa ikipita miligramu 5 kwa kilo kwa siku inaweza kumpofusha, yaani wangu mwisho ilikuwa miligramu 15, sawa na cc 0.15. Nikampigia simu kumwambia, akanijibu "atazoea".

Mleta mada: Umeona sasa!! Wewe "atazoea", mimi "mbwa tu". Huyu mtu ana roho gani?

vet_wa_moro: Mimi ni daktari wa mifugo, nimesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, na hii imenikera. Dada, mbwa wako ana kilo ngapi?

Mleta mada: 13 dokta. Nimembeba nikapanda naye mzani, nikatoa uzito wangu.

kisu_butu: Weka na uzito wako tuhakiki hesabu 😂😂

vet_wa_moro: Hiyo OTC kwa ng'ombe ni cc 1 kwa kilo 10, kwa hiyo huyo hata angekuwa ndama alistahili cc 1.3. Kapigwa karibu mara nne, na dawa yenyewe ile ya muda mrefu inaunguza msuli, ng'ombe wenyewe tunawagawia sehemu mbili tatu. Halafu nyuma ya paja inapita neva kubwa ya mguu, ndo maana anaburuta. Mbwa na paka dawa nyingi tunachoma chini ya ngozi, au ikibidi msuli wa mbele ya paja, kwa sindano nyembamba na mpya. Mpeleke kliniki waangalie mguu na figo, maji awe nayo muda wote, na usimpe diclofenac wala panadol za watu za hapo nyumbani. Na kwa wadogo hivyo tetrasaiklini hatukimbilii, meno yakiwa bado yanajengwa inaweza kuyaacha na rangi ya njano.

Mleta mada: Nimeshaita bajaji. Asante dokta. Na hayo yote yeye alikuwa anayajua!! Sema kwake ni mbwa tu.

mzee_wa_banda: Sie mbwa wetu alikula ugali na dagaa hakuwahi kuona sindano, kaishi mpaka kazeeka. Nyie wa siku hizi mnawaharibu.

chui_mpole: Dawa mi nanunua mwenyewe duka la mifugo, PenStrep (penisilini na streptomaisini) ile nyeupe, natazama YouTube nachoma mwenyewe. Elfu 20 siitoi.

vet_wa_moro: Ndugu, hiyo nyeupe ikiingia kwenye mshipa wa damu unaweza kumuua hapo hapo. Vuta bomba nyuma kwanza, ukiona damu toa. Na ukishachoma usiondoke, kaa naye kama nusu saa, uso ukivimba, akatapika, akalegea, huo ni mzio, anataka adrenalini haraka.

chui_mpole: Adrenalini nayo bei gani?

kuku_ni_pesa: Afadhali wenu anaburuta mguu. Mimi vifaranga 500 nimeuziwa chanjo ya kideri iliyolala kwenye friji lililozimwa, wameteketea wote, muuzaji ananiambia eti ni hali ya hewa.

MamaPaka: Weee! Duka la pale kona?

kuku_ni_pesa: Hilo hilo, mnalijua.

chui_mpole: Muuzaji mnamwonea, huku kwetu umeme unakatika mchana kutwa, hata nyama zimenioza.

mzee_wa_banda: Sio umeme tu, friji za mtumba hizi ukizima masaa matatu hakuna kitu ndani. Fundi wangu kala hela ya gesi mara mbili, baridi sijaiona.

Mleta mada: Jamani uzi huu ni wa mbwa.

kuku_ni_pesa: Mzee, hilo friji unaliuza?

mzee_wa_banda: Laki mbili, tunaongea.

kuku_ni_pesa: Linagandisha?

mzee_wa_banda: Likiwekwa gesi. Mlango tu ndo unafungwa na mpira.