Bastola ya Webley ya marehemu babu, nitajuaje kama ni nzima?

Kijana wa Chumbageni:
Wakuu habari za saa hizi, niko Tanga hapa. Marehemu babu alikuwa mnyapara kwenye mkonge, meneja wake mzungu akamwachia rivolva, babu akaikatia leseni kabisa na saa hizi ipo kituoni sisi tunahangaika na mirathi. Ubavuni imeandikwa WEBLEY MARK VI na 1917. Bamdogo anasema ni ya vile vita vya Wajerumani hapa Tanga kwa hiyo ina bei kubwa, na anataka tukipata kibali tukaipige shabaha. Mimi roho inasita.

Fundi Mstaafu:
Poleni na msiba. Vita vya Tanga vilikuwa Novemba 1914, toleo hilo la Mark VI limeanza 1915, sasa ya 1917 ilipiganaje hapo? Mwambie bamdogo hiyo stori aiache, mnunuzi anayejua atawacheka. Mkipewa ruhusa kuishika, ikunjeni kwanza katikati ifunguke, mhakikishe matundu yote sita ya silinda, lile gurudumu la kuwekea risasi, hayana kitu. Halafu funga, vuta nyundo taratibu mpaka ikamate, shika silinda uitikise, ikicheza sana imekwisha hiyo. Mulika tochi ndani ya mtutu uone kama ile mifereji ya kuzungusha risasi bado ina kingo au imeliwa na kutu. Namba ya kwenye fremu, yaani mwili wa bastola, mtutu na silinda zifanane. Na tafadhali sana msiisugue na msasa ing'ae, ile rangi yake ya uzee ndiyo pesa yenyewe, ukishaitoa hairudi!

Mdigo Ughaibuni:
Naongezea la risasi maana ndipo watu wanapoumia. Hiyo inakula risasi za saizi ya .455, huku Marekani nyingi zilichongwa nyuma ya silinda ili ziweze kula risasi za .45 za bastola za kawaida, na hizo .45 za kiwandani zina nguvu kuliko ile chuma ilivyopimwa, silinda inaweza kupasuka mkononi. Angalia mgongo wa silinda, ukiona chuma cheupe na uwazi mkubwa kati yake na fremu ujue imechongwa, kwa mkusanyaji thamani imeshuka hapo hapo. Hata kama haijachongwa, asiipige mtu kabla fundi mwenye leseni hajaipima.

Kijana wa Chumbageni:
Asanteni sana wazee wangu. Na polisi je, leseni ya babu inatuhusu?

Fundi Mstaafu:
Hapana, leseni ni ya mtu, haiendi na mirathi. Mrithi anaomba yake upya kwa sheria ya silaha ya 2015, kwa hiyo muachieni polisi hapo hapo mpaka kibali kitoke.