Mama anakuja kutoka Tanga, magoti yanamsumbua: nimpeleke wapi aione New York?

BintiNgamiani:
Habari zenu ndugu zangu. Mama yangu anafika mwanzoni mwa Oktoba, ana miaka 71. Magoti yanamsumbua, ngazi hapandi, na mwendo anaouweza ni ule wa kutoka nyumbani hadi msikitini, tena kwa kupumzika. Ombi lake ni moja: ayaone maghorofa ya New York yote kwa pamoja, kama yalivyokuwa kwenye kalenda ya marehemu baba iliyoning'inia sebuleni kwetu miaka na miaka. Mwaka ule ulipita, miezi ikaisha, kalenda hakuna aliyethubutu kuitoa.

Mimi niko Newark, sina gari ila naweza kukodi kwa siku moja. Dada yangu alipokuja nilimpeleka Times Square, tukarudi shingo zinauma, hatukuona mji, tuliona matangazo na migongo ya watu. Mama sitaki kumfanyia hivyo. Kuna bustani kando ya mto ambapo mtu mzima anaweza kukaa kwenye benchi akatazama kwa utulivu? Na alasiri ataswali wapi?

Mzaramo_Bronx:
Brooklyn Bridge Park, dada. Mnakaa chini ya lile daraja la 1883, Manhattan, kile kisiwa chenye maghorofa yenyewe, iko mbele yenu, mnaona hadi madirisha. Kasoro yake ni mwisho wa wiki, watu wanajaa na kuegesha gari ni mtihani. Nendeni siku ya kazi.

DerevaWaPangani:
Dada, assalaam alaykum. Naendesha gari Jersey City mwaka wa kumi na moja sasa, na suala hili liko moyoni mwangu, niwie radhi nikirefusha.

Usivuke mto kwenda Manhattan. Mji wa Manhattan ukiwa ndani yake huuoni, kama vile ukiwa Posta huioni Dar. Dar inaonekana ukiwa kwenye pantoni unatoka Kigamboni. Basi na huku Kigamboni yetu ni Liberty State Park, upande huu huu wa New Jersey mnaokaa. Kuingia ni bure. Kutoka Newark unafuata barabara ya kulipia, unatoka kwenye njia ya kutokea namba 14B, vibao vinakufikisha. Pita yote mpaka kwenye stesheni ya zamani ya treni, jengo la matofali lenye mnara wa saa, la mwaka 1889. Mbele yake kuna ukingo wa mto, njia tambarare, benchi, na hakuna ngazi hata moja ya kumtesa mama.

Saa ni muhimu kuliko mahali. Watu wengi huenda asubuhi, wakakuta jua linachomoza nyuma ya majengo, linawapiga machoni na majengo yote ni meusi. Nyinyi fikeni saa kumi alasiri. Jua litakuwa mgongoni mwenu, vioo vyote vya ng'ambo vinawatazama. Mwanzoni mwa Oktoba linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu, na kabla halijazama lile jengo refu kuliko yote, la mita 541, linageuka rangi ya samli. Msiondoke hapo. Subirini taa ziwake.

Kuhusu swala: kibla cha huku ni kaskazini mashariki, kwa hiyo ukitandika mkeka kwenye majani pale unaelekea karibu na majengo yenyewe. Nimeswali alasiri na magharibi pale mara nyingi, sijawahi kusemeshwa neno baya.

Sasa nikuambie la mama yangu. Nilimleta 2019, mwanamke wa Pangani, kazaliwa mita chache kutoka kwenye kivuko cha Bweni. Nilidhani atatazama maghorofa. Aliyatazama, akasema mashallah, kisha akainamia reli na kuanza kutazama chini, kwenye mawe ya ukingo. Kulikuwa na mstari wa ukoga wa kijani, na juu yake jiwe kavu. Akaniambia, "Maji yanapwa haya. Mbona ulisema ni mto?" Nikamwambia ni mto, unaitwa Hudson. Akakaa na jambo lake, macho yako kwenye kipande cha ubao kilichokuwa kinakwenda zake kuelekea baharini. Tulipomaliza magharibi akaenda tena kwenye reli. Ubao mwingine, au ule ule, sijui, ulikuwa unarudi juu. Akacheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kanga: "Kumbe ni kama wetu!"

Na kweli ni kama wetu. Kupwa na kujaa kwa bahari kunaupanda Hudson hadi mji wa Troy, karibu kilomita 250 kutoka hapo, na wenyeji wa kale waliupa jina lenye maana ya maji yanayokwenda pande mbili. Mimi nilipita kando yake kila siku kwa miaka, sikuwahi kuliona hilo mpaka mama alipokuja. Tofauti ni kwamba huku maji hupanda kama mita moja na nusu tu, bamvua la kwetu linazidi mara mbili.

Mama yako akiweza hatua kidogo, karibu na stesheni kuna kuta mbili ndefu za chuma cha pua, zimesimama sambamba, juu kama mita 9. Ni kumbukumbu ya watu wa New Jersey waliofariki tarehe 11 Septemba 2001. Majina yao, zaidi ya 700, yamechongwa kwa kimo cha mkono. Ukisimama katikati unaona anga la pale minara ilipokuwa. Mama yangu hasomi Kiingereza, lakini alipitisha vidole kwenye majina taratibu, akasoma Fatiha.

MamaWawiliJC:
Naunga mkono, ila msije kwa treni ndogo ya mjini. Kituo kinaitwa Liberty State Park, nikadhani nikishuka nimefika. Kutoka pale hadi ukingoni ni nusu saa ya miguu, na mimi nilikuwa na mkwe wangu mwenye fimbo. Kodi gari. Na chukua koti, upepo wa mtoni ukianza jioni mtandio peke yake hautoshi.

BintiNgamiani:
Choo je?

DerevaWaPangani:
Kimo ndani ya stesheni. Muulize mlinzi saa ya kufunga mkifika, mwende mapema.

BintiNgamiani:
Ndugu zangu, tulikwenda jana. DerevaWaPangani, Mungu akuzidishie. Tulifika saa kumi kasoro, mama akakaa benchi ya tatu kutoka kwenye stesheni, hakunyanyuka ila kwa swala. Nilimwonyesha Sanamu ya Uhuru kwa upande wa kulia, akasema kwa nini inatupa mgongo. Taa zilipowaka alinishika mkono akahesabu majengo ya kwenye kalenda, akasema mawili hayapo. Nikamweleza. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaomba tupite kwenye zile kuta kabla ya kuondoka, magoti na yote.

Sasa kaona kivuko kidogo kinakwenda ng'ambo na anataka kuvuka nacho kabla hajarudi Tanga. Kinapandiwa wapi, na kina ngazi?