Lori la kampuni au lori langu chini ya kampuni: ipi inalipa hapa Marekani?

Msafiri_wa_I80
Habari za barabarani, wakuu. Naendesha lori la kampuni kwa senti 60 kwa maili. Wiki nzuri nafika maili 2,500, yaani dola 1,500 kabla ya kodi. Sasa kampuni imenipa njia mbili. Ya kwanza, ninunue kichwa changu (lori bila tela) kwa mkopo wa benki, nikiingize chini ya kibali chao cha kusafirisha mizigo, nipate asilimia 75 ya pesa ya mzigo. Ya pili, nichukue kichwa chao kwa mkataba wa kukodi hadi kiwe changu, bila malipo ya kuanzia. Naomba mnilinganishie. Mke wangu anasema nibaki nilipo.

Hesabu_Kwanza
Ndugu, tupige hesabu ya mfano. Tuseme mizigo inalipa wastani wa dola 2 kwa maili, hata zile za kwenda mtupu zikihesabiwa. Maili 2,500 ni dola 5,000, na asilimia 75 yake ni 3,750. Lori likienda maili 6.5 kwa galoni, utachoma kama galoni 385. Dizeli ikiwa dola 3.80 hiyo ni 1,463. Mkopo wa lori weka 600 kwa wiki, bima na makato madogo 150, akiba ya matengenezo senti 15 kwa maili, 375. Unabaki na 1,162.

Ukiajiriwa, kampuni inakulipia nusu ya kodi ya Social Security (pensheni) na Medicare (bima ya afya ya uzeeni). Ukijitegemea unalipa zote mbili, asilimia 15.3 ya faida, na IRS, mamlaka ya kodi, wanazitaka kwa awamu nne: Aprili, Juni, Septemba na Januari. Ongeza kodi ya barabara ya fomu 2290, dola 550 kwa mwaka kwa lori zito kama letu.

Kwa hiyo kwa bei hizo unashuka, hupandi. Mkopo ukiisha, ile 600 inarudi mfukoni na hapo unampita mwajiriwa. Uliza pia kama nyongeza ya mafuta wanayolipa wateja unapewa yote. Hilo peke yake linaweza kugeuza hesabu.

Dada_Gia_Kumi
Kaka, hesabu ya hapo juu ni ya wiki lori linapotembea. Mimi naangalia wiki linapolala. Taa ya mfumo wa moshi inawaka, injini inapunguza nguvu, mwishowe unaweza kujikuta unatambaa maili 5 kwa saa pembeni ya barabara kuu huku mzigo unasubiriwa. Kisha gereji wanakwambia kipuri hakipo. Dereva wa kampuni analala hotelini kwa gharama ya mwajiri. Wewe hotelini unajilipia, na rejesho la lori linaendelea kuhesabiwa. Asiye na akiba ya kukaa mwezi mzima bila mzigo asiguse funguo za lori lake.

Na bima ya kuumia kazini usiisahau. Mwajiriwa kwa kawaida anayo, wewe utajinunulia.

Wakala_wa_Haki
Njia ya pili iache, nakuomba kwa dhati. Mwenye lori ndiye huyohuyo anayekugawia mizigo. Wiki wakikupa mizigo haba, deni liko palepale, na ukiondoka lori linabaki kwao pamoja na yote uliyolipa. Kikosi kazi kilichoundwa na serikali kuu kuichunguza mikataba hii kilitoa ripoti Januari 2025, kikapendekeza Bunge liipige marufuku.

Kwa njia ya kwanza unayo sheria ya kushika mkononi, kanuni ya serikali kuu iitwayo 49 CFR sehemu ya 376. Mkataba uwe wa maandishi na utaje kila kato. Ukishawasilisha karatasi za safari, wakulipe ndani ya siku 15. Ukilipwa kwa asilimia, wakupe nakala ya ankara ya mzigo ili uone asilimia 75 ni ya kiasi gani. Amana waliyokushikia irudishwe ndani ya siku 45 baada ya mkataba kuisha, wakitoa tu wanachokudai kwa haki. Na hawaruhusiwi kukulazimisha kununua kitu kwao ili wakupe mkataba.

Mwenye_Kichwa
Msimtishe sana jamaa. Mimi niko chini ya kampuni na nimetulia. Mzigo usiolipa naukataa, nyumbani naenda ninapotaka, kasi naishusha kuokoa dizeli na kila galoni iliyobaki ni yangu. Bima kubwa ya dhima (ya kufidia wengine ukisababisha ajali) na kibali ni vya kampuni, sihangaiki navyo. Ila saa za kazi za kisheria hazibadiliki: ni zilezile 11 za kuendesha ndani ya zamu ya saa 14, lori liwe la nani.

Msafiri_wa_I80
Asanteni sana. Njia ya pili nimeifuta. Ya kwanza nimeambiwa nitapewa mkataba niusome kabla ya kununua lori.

Wakala_wa_Haki
Vizuri. Ukiupata, anza na ukurasa wa makato, na uangalie kifungu cha kuvunja mkataba kinataka notisi ya siku ngapi. Waombe pia karatasi za malipo za wiki za dereva aliye chini yao sasa, jina likiwa limefichwa. Wakikataa kukuonyesha, endelea na senti zako 60 huku ukitafuta kampuni nyingine ya kuingizia lori.